Sufuria Isiyouliza Mtu Dini Wala Kura

Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilifuta vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima. Kabla ya hapo mgombea aliweza kuchinja, kupika na kuwalisha wapiga kura, kisha akajitetea kwamba huo ni ukarimu wa jadi na wala si rushwa. Majaji waliona kuwa sheria hiyo inambagua mgombea asiye na fedha za kupikia watu, na kwamba kati ya takrima na rushwa hapakuwa na mpaka wa kueleweka.

Hukumu ile ilihusu uchaguzi, lakini swali lake ni pana kuliko uchaguzi. Chakula cha bure huwa na mwenyewe, na mwenyewe huwa na shabaha. Kuna anayelisha ili achaguliwe, kuna anayelisha ili kuvuta waumini, na kuna anayelisha ili asifiwe na majirani. Wahenga walilijua hilo waliposema mkono mtupu haulambwi. Basi tukitaka kupima kama mlo wa bure unajenga amani, haitoshi kuchungulia ndani ya sufuria. Tumwangalie mpishi: anadai nini, na anakaa wapi wakati watu wanakula.

Nataka kuyaweka kwenye mizani moja mapokeo mawili yanayolisha watu bure, bila nyama, na kwa nia ya kuondoa uadui kati ya watu. Moja ni langari, jiko la wazi la dini ya Singasinga, lililoanzia Punjab karne tano zilizopita. Jingine ni Food Not Bombs, harakati iliyoanza Marekani mwaka 1980 ikidai chakula badala ya mabomu. Moja limezaliwa ndani ya ibada, jingine ndani ya maandamano. Hoja yangu ni kwamba yote mawili yamegundua jambo lilelile: mlo wa bure huwa tendo la amani pale tu anayelisha anapokubali kushuka na kuwa sawa na anayelishwa. Kuondoa nyama ni sehemu ya kushuka huko.

Tuanze na lililo kongwe. Masimulizi ya Singasinga yanaeleza kwamba Guru Nanak, mwasisi wa dini hiyo aliyezaliwa mwaka 1469, alipokuwa kijana alipewa na baba yake rupia 20 akafanyie biashara. Njiani akakuta watawa wenye njaa, akazimaliza fedha zote kwa kuwalisha, na alipoulizwa akajibu kwamba hakuna biashara ya kweli kuishinda hiyo. Uzeeni aliishi Kartarpur, ambako wafuasi wake walilima, walisali na kula pamoja. Guru Angad aliyemfuata alikuwa na mke aliyeitwa Mata Khivi, na huyu ndiye aliyelisimamia jiko. Jina lake limo ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha dini hiyo, akisifiwa kwa wali wake wa maziwa na samli.

Guru wa tatu, Amar Das, aliongeza sharti: anayetaka kuonana naye aanze kwa kukaa chini kwenye safu ale na wenzake. Inasimuliwa kuwa hata mfalme Akbar alipokuja alikaa safuni kama mtu mwingine yeyote. Uzito wa sharti hilo unaonekana ukikumbuka India ya wakati ule, ambako mtu wa tabaka la juu aliona kula pamoja na mtu wa tabaka la chini ni najisi. Hotuba juu ya usawa mtu anaweza kuisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Kukaa bega kwa bega na mfagiaji, mkila dengu moja kutoka ndoo moja, ni jambo jingine.

Sharti hilo linaendelea kutekelezwa kila siku huko Amritsar, katika hekalu la Harmandir Sahib, ambako makumi ya maelfu ya watu hula bure kwa siku, na wakati wa sikukuu idadi hufikia laki moja. Mgeni anavua viatu, anafunika kichwa, anapokea sahani ya chuma na kwenda kukaa kwenye mkeka mrefu. Hakuna kiti cha mheshimiwa wala pembe ya maskini. Wanaohudumu wanapita na ndoo na upawa wakimwaga dengu, mboga na wali wa maziwa. Chapati inapokelewa kwa viganja viwili vilivyounganishwa, kama mtu anayepokea baraka. Ukimaliza unapeleka sahani kwa waoshaji, na huko unakuta watu wazima wenye kazi zao na hadhi zao, mikono imezama kwenye maji ya sabuni, wanasugua vyombo vya watu wasiowajua. Hawalipwi. Kwa Singasinga kuosha sahani ya mgeni ni ibada.

Mapokeo haya yalifika Afrika Mashariki pamoja na reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walifia kazini. Baadhi ya waliobaki waliendelea kufanya kazi kwenye vituo vya reli, na mwaka 1926 gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Singasinga, ilijengwa Makindu, kandokando ya njia hiyo. Hadi leo msafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa anaweza kukata kona pale, akafunika kichwa kwa kitambaa, akapewa chapati, dengu, mboga na chai ya maziwa, na akihitaji kulala akapata pa kulala. Dereva wa lori, familia inayokwenda pwani kwa likizo na mkulima wa Makueni wanakula chakula kimoja. Anayetaka kuacha sadaka anaacha. Asiyekuwa nayo anashukuru na kuendelea na safari.

Sasa tuvuke bahari hadi Food Not Bombs. Mei 1980 vijana wa eneo la Boston walikwenda Seabrook, jimbo la New Hampshire, kupinga ujenzi wa kinu cha nyuklia. Mwenzao mmoja alikamatwa, nao wakaanza kuuza keki mitaani ili wapate fedha za wakili. Humo humo wazo likakua. Machi 26, 1981, wanahisa wa benki ya First National Bank of Boston walipokuwa wakikutana katika jengo la Federal Reserve, vijana hao walijitokeza nje wamevaa matambara kama watu wa miaka ya njaa ya 1930, wakapika sufuria kubwa ya supu na kuanza kugawa. Ujumbe wao ulikuwa kwamba fedha zikiendelea kwenda kwenye nyuklia na silaha, nchi itarudi kwenye foleni za supu. Walikuwa wamepanga igizo, lakini wakatokea makumi ya watu wasio na makazi, wenye njaa ya kweli. Waliokuwa wakiigiza njaa wakajikuta wanahudumia wenye njaa, na tangu siku hiyo hawakuacha kupika.

Utaratibu walioujenga ni mwepesi, na ndiyo maana umeenea katika nchi nyingi. Chakula hakina nyama, na mara nyingi hakina maziwa wala mayai. Kinagawiwa bure kwa yeyote anayefika. Kila kikundi kinajitegemea, hakuna makao makuu yanayotoa amri, na uamuzi hufikiwa kwa kukubaliana. Mapishi yenyewe hutoka kwenye mabaki ya biashara: mkate wa jana ambao duka la mikate halitauza, karoti zilizopinda, nyanya zenye doa, viazi vilivyochubuka. Wanakusanya asubuhi, wanakata na kuchemsha mchana, na jioni wanapanga meza za kukunja kwenye bustani ya mji na kutundika bango lao. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna kitambulisho, hakuna mahubiri kabla ya chakula.

Sababu ya kupika hadharani ni hesabu wanayotaka mpita njia aifanye mwenyewe. Mwaka 2022, kwa mujibu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu sehemu moja ya tano ya chote kilichowafikia walaji. Mwaka 2024 matumizi ya kijeshi duniani yalifika dola trilioni 2.7, kwa hesabu za taasisi ya SIPRI ya Stockholm, na mwaka huohuo mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kuwa watu milioni 673 hivi waliishi na njaa. Sufuria ya supu ya mboga zilizookolewa jalalani haimalizi njaa hiyo. Inachofanya ni kuthibitisha kwamba chakula kipo, na kwamba kama kuna mtu asiyepata kula, ni kwa sababu kuna mahali palipoamuliwa hivyo.

Katika suala la nyama ndipo mapokeo haya mawili yanapokutana kwa karibu zaidi, ingawa yamefika kwa njia tofauti. Food Not Bombs wanakataa nyama kwa kuwa hawataki mlo wa amani uanze kwa kumwaga damu ya mnyama, na pia kwa sababu wanaona chakula cha mboga hakina hatari kubwa ya kuharibika kama nyama. Kwa Singasinga mambo ni tofauti. Baadhi yao nyumbani wanakula nyama vizuri tu. Lakini ndani ya langari haiingii, ili asiwepo mgeni wa kusema chakula hiki sikiwezi. Fikiria: Singasinga aliyekula kiapo cha dini yake amekatazwa kula nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na Mwislamu amekatazwa isiyochinjwa hivyo. Wahindu wengi hawali ng'ombe. Wote hao hawana ugomvi na dengu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda India ili kuielewa hoja hii. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mzozo kati ya Waislamu na Wakristo juu ya nani achinje mifugo inayouzwa kwa umma uligeuka ghasia, na mchungaji mmoja akauawa. Watu waliokuwa wakiuziana, kuoana na kuzikana waligawanywa na kisu cha bucha. Kwetu karamu isiyo na nyama huonekana nusu karamu, na mwenye shughuli huona aibu kuwapa wageni maharage. Lakini maharage hayamuulizi mtu ni nani aliyeyachinja. Mnyenyekevu huyu wa jikoni anakaribisha watu wengi kuliko fahali mzima.

Mapokeo haya yanapoachana ni kwenye namna ya kukaa. Langari inaumba usawa kwa mwili: wote chini, safu moja, kimo kimoja. Food Not Bombs husema kazi yao ni mshikamano na si hisani, lakini mbele ya meza yao foleni hujitokeza yenyewe, upande mmoja wenye miiko, upande mwingine wenye sahani. Vikundi makini vinapambana na hali hiyo kwa kuwaita walaji waje kumenya na kukata, na wapishi nao wachukue sahani wakae kwenye nyasi. Mahali ambapo hilo halifanyiki, harakati hurudi polepole kuwa jiko la msaada kama majiko mengine. Hapa Singasinga wana utaratibu ambao vijana wa Boston walipaswa kuuvumbua upya.

Lakini kuna jambo ambalo Food Not Bombs wanalifanya na Makindu hailifanyi: wanaweka meza mahali ambapo wakubwa hawataki njaa ionekane. Malipo yake yamekuwa makubwa. Agosti 15, 1988, polisi wa San Francisco waliwakamata watu tisa waliokuwa wakigawa chakula kwenye bustani ya Golden Gate, na katika miaka iliyofuata wakakamata watu zaidi ya mara 1,000 kwa kosa la kugawa chakula bila kibali. Wapishi wakajifunza kutanguliza ndoo ndogo ya supu. Polisi wakishaichukua pamoja na aliyeishika, ndoo nyingine inatokea upande wa pili. Tetemeko la ardhi lilipoutikisa mji huohuo Oktoba 1989 na gesi na umeme vikakatika, watu hao hao waliokuwa wakikamatwa walikuwa tayari na majiko yao ya nje, wakalisha kila mtu.

Mvutano huo ulifika mahakamani. Mji wa Orlando, Florida, ulitunga sharti kwamba kulisha watu 25 au zaidi katika bustani za katikati ya mji kunahitaji kibali, na kwamba mtu hapati zaidi ya vibali viwili kwa mwaka kwa kila bustani. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ililibariki sharti hilo. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Fort Lauderdale kwa njia nyingine: ikaona kwamba meza ya wazi, bango, mahali palipochaguliwa na mwaliko kwa kila mtu vinaufanya mlo huo kuwa usemi unaolindwa na katiba. Katika kueleza uamuzi wake, ilikumbusha kwamba Yesu alikula na watoza ushuru na wenye dhambi ili kuonyesha kuwa hawakuwa wametengwa machoni pake.

Hapo mapokeo mawili yaliyoanza mbali yanabadilishana nafasi. Jiko la wanaharakati wasio na dini maalumu likatetewa kwa mfano wa Injili. Na upande wa pili, jiko la ibada likaingia barabarani. Mwishoni mwa Novemba 2020 wakulima wa Punjab na majimbo jirani walipiga kambi kwenye mipaka ya Delhi, Singhu na kwingineko, kupinga sheria tatu za kilimo. Walikuja na matrekta, unga na dengu, na langari ikaanza kupikwa juu ya lami. Walilisha waandamanaji wenzao, watoto wa vibanda vya jirani, na hata askari waliotumwa kuwazuia. Walikaa zaidi ya mwaka mmoja, hadi serikali ilipozifuta sheria hizo Novemba 2021. Kambi ile isingedumu baridi mbili bila jiko, na isingebaki na heshima machoni pa watu kama jiko lile lingechagua nani ale.

Ni haki pia kusema mipaka ya mapokeo haya, maana anayeusifu mlo kupita kiasi huwaumiza wanaoutegemea. Bado kuna vijiji vya Punjab ambako watu wa tabaka la chini wana gurudwara zao pembeni, ingawa safu ya langari iliwekwa kuufuta ubaguzi huo. Juni 1984 jeshi la India liliingia na vifaru katika hekalu la Amritsar kupambana na wapiganaji waliokuwa wamejichimbia humo, na raia wengi walikufa. Baada ya Waziri Mkuu Indira Gandhi kuuawa na walinzi wake Singasinga Oktoba mwaka huo, maelfu ya Singasinga waliuawa ndani ya siku chache, wengi wao Delhi. Karne za kuwalisha majirani hazikuwakinga. Chakula cha pamoja hakichukui nafasi ya mahakama, polisi waadilifu na ukweli unaosemwa hadharani.

Hata hivyo, Aprili 2021, wagonjwa wa Uviko walipokuwa wakifa kwa kukosa hewa Delhi na vitongoji vyake, gurudwara ya Indirapuram huko Ghaziabad ilifungua langari ya oksijeni, mitungi ikapangwa kandokando ya barabara na wagonjwa wakapumulia ndani ya magari yao. Hakuna aliyeulizwa alikuwa wapi mwaka 1984. Amani iliyokuwa ikifanyiwa mazoezi kwa chapati kila siku ilikuwa tayari siku ilipohitajika kwa jambo kubwa zaidi. Huo ndio ushahidi ninaouamini kuliko yote juu ya thamani ya jiko la wazi: linawazoesha watu kutendeana wema kabla dharura haijafika.

Na sisi je? Tuna sinia, tuna futari, tuna hitima na maulidi, tuna harambee ambako kazi na chungu huenda pamoja. Tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kila siku tunaona mama mwenye nyumba ya chumba kimoja akimgawia mtoto wa jirani. Ukarimu wetu ni wa kweli, ila mara nyingi una mlango. Futari ni ya waliofunga, harusi ni ya walioalikwa, na karamu ya Krismasi ni ya ukoo. Mgeni naye, kwa maneno yetu wenyewe, siku ya tatu hupewa jembe. Tunachokosa ni mlo wa umma, unaorudi kila wiki mahali palepale, ambao hauna mwenye shughuli wala mgeni rasmi.

Unaweza kuanzishwa bila mfadhili. Sokoni kila jioni kuna nyanya zilizolainika, mchicha ulionyauka na ndizi zilizoiva kupita kiasi, vyote vikielekea jalalani. Msikiti, kanisa na vijana wa kijiwe wa mtaa mmoja wakipokezana zamu, kila mmoja akipika maharage, wali au ugali na mboga kwenye uwanja wa wazi, hakuna atakayeshindwa kula kwa ajili ya dini yake. Kutoka langari tuchukue safu: wote wakae chini, diwani na mbeba mizigo, na anayekula wiki hii aitwe kuosha vyombo wiki ijayo. Kutoka Food Not Bombs tuchukue ujasiri wa kupika mbele ya macho ya watu na kuuliza kwa sauti kwa nini mtaa wenye chakula kingi hivi una watoto wanaolala njaa. Na kutoka hukumu ya takrima tuchukue onyo: siku mwanasiasa atakapotaka picha yake itundikwe juu ya sufuria, akataliwe.

Watakaosema huu ni mzigo mdogo mno kwa tatizo kubwa kama la amani, wahesabu majirani wangapi wa dini nyingine wamewahi kula nao chakula kilekile, wakiwa wameketi kimo kimoja, bila mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni. Wengi wetu tutakuta ni wachache. Chuki za mitaani hupata nafasi humo, kati ya watu wanaojuana kwa majina tu, na kazi ya kuziba pengo hilo inaweza kuanza Jumamosi hii kwa debe la maharage.